Krismasi ya kaskazi: biskuti zisizotepeta na mapambo yasiyotoa jasho

Hotuba kwa wapishi wa nyumbani na walimu wa watoto, Dar es Salaam, wiki chache kabla ya Majilio

Wakubwa wetu shikamooni. Ndugu wengine, na nyie vijana mliojibanza huko nyuma karibu na feni, habari za mchana.

Tumeombwa tuzungumzie biskuti za Krismasi na mapambo ya mti yanayotengenezwa nyumbani, yale ya kuwekwa miaka na miaka, ambayo mtoto akikua anaoneshwa: hiki ndicho kidole chako ulipokuwa na miezi sita. Mtatusamehe, hatutaanza na unga. Tutaanza na hewa.

Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa na watu ambao Desemba yao ni ya baridi. Chukueni Nürnberg, Ujerumani, mji ambao biskuti zake za asali na viungo zinajulikana tangu Zama za Kati. Jikoni kwao mwezi huo kuna nyuzi 20 hivi, na kwa kuwa nyumba inapashwa joto kutwa kucha, hewa ya ndani ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Siagi ikiachwa mezani inalainika na kutulia, na pambo la unga wa chumvi likiwekwa dirishani linakauka lenyewe. Hapa kwetu, Tanga na Mombasa vilevile, Desemba ndipo kaskazi inapoingia. Mchana nyuzi 31 au 32, vuli bado haijatuaga, na alfajiri unyevu wa hewa unapita asilimia 80. Siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35. Kwa hiyo maelekezo yakikwambia uache siagi "ipate joto la chumbani", kwetu maana yake ni kukuta bakuli la mafuta.

Joto lina dawa, friji ipo na barafu ipo. Unyevu ndio unaotuangusha, na wengi hatuujui kwa sababu hauonekani. Biskuti imetoka ovenini inavunjika vizuri, kesho yake imetepeta kama mkate wa juzi, mtu anailaumu oveni.

Kabla ya kwenda mbali, tukumbushane kwamba pwani hii ina biskuti zake za sikukuu ambazo zilishajibu swali hili. Vileja. Unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki. Mpishi wa vileja hakuhitaji friji, kwa sababu samli haina maji kama siagi, na unga wa mchele hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo biskuti inakatika kavu mdomoni. Sisi tumechukua akili hiyo ya sikukuu ya Idi tukaiingiza kwenye biskuti ya kukatwa umbo la nyota na kengele. Hatuoni aibu kukopa kwa jirani.

Vipimo ni hivi. Unga wa ngano wa kawaida gramu 270, unga wa mchele gramu 90, sukari ya unga gramu 150, samli gramu 145, yai moja, maziwa vijiko viwili vya chakula, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko cha chai. Baking powder hapana. Anayeitia anataka keki, kisha analalamika nyota yake imegeuka ua. Sukari nayo iwe ya unga, kwa sababu ya chembechembe huyeyuka ndani ya oveni na kuifanya biskuti itambae.

Mwenye siagi asikate tamaa: gramu 180 za siagi zinasimama mahali pa samli hiyo, na maziwa unayapunguza yabaki kijiko kimoja. Majarini je? Soma kopo. Yakiwa na mafuta chini ya asilimia 80, kinachobaki karibu chote ni maji, na maji hayo yakigeuka mvuke biskuti inaumuka katikati na kuwa ngumu ikipoa. Majarini laini ya kupaka mkate, ipakeni kwenye mkate.

Kazi hii ianze saa kumi na moja alfajiri, jikoni kukiwa bado na ubaridi. Samli iwe imelala kwenye friji hadi igande. Ikate vipande vya nusu sentimita, uimwage kwenye unga uliochanganywa na sukari, chumvi na iliki, ufikiche kwa ncha za vidole mpaka ifanane na mchanga wa pwani uliolowa kidogo. Ncha za vidole, si viganja, maana kiganja kina joto la mwili. Utaona kwamba hatupigi siagi na sukari kama kwenye keki. Mapigo yale yanataka mafuta ya nyuzi 18 hadi 20, na hakuna jikoni hapa Desemba lenye joto hilo. Yai na maziwa yapigwe pamoja, yamwagwe, likusanywe donge. Likishashikana acha. Ukikanda kama chapati unalipa nguvu ya kunywea, na biskuti zitajikunja kingo.

Sasa hapa watu wengi hukosea. Wanalifunga donge kama mpira, wanaliweka kwenye friji saa moja, wanalitoa likiwa jiwe, wanasubiri lilainike, na hadi lisukumike lishakuwa uji. Lisukume kwanza. Liweke kati ya karatasi mbili za nailoni, tumia kifimbo cha chapati, unene uwe milimita 5. Ukitaka unene sawa bila kubahatisha, laza vijiti viwili vya unene huo pembeni kama reli, kifimbo kitembee juu yake. Bapa hilo liingie kwenye friza dakika 25. Likitoka ni gumu kama kadi, unakata maumbo, unayahamisha bila kupinda mkia wa samaki wala ncha ya nyota. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ndoo ya plastiki, barafu za mifuko, chumvi kiganja juu ya barafu, na bapa ndani ya trei juu yake. Linaganda.

Oka nyuzi 170, dakika 11 hadi 13. Toa kingo zikianza rangi ya mchanga tu. Zitaonekana laini, zitakazana zikipoa. Trei ya pili isiwe ya moto, kwa maana bapa likigusa bati la moto mafuta yanakimbia kabla unga haujakaza. Kipimo hiki kinatoa biskuti arobaini hivi za sentimita 6.

Wa jiko la mkaa hatujawasahau. Sufuria kubwa, mchanga mkavu wa sentimita 2 chini, vijiwe vitatu, trei juu yake, mfuniko bapa, kisha palia: theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Subiri dakika 15 ndipo upike. Kujua moto, weka kijiko cha unga mkavu kwenye kibati ndani yake. Ukipata rangi ya kahawia hafifu kwa dakika tano, moto umefika. Ukiungua kwa dakika moja, ondoa makaa ya chini, si ya juu. Biskuti nyingi za mkaa huungulia tumboni.

Biskuti ya tangawizi ndiyo rafiki wa pwani kuliko zote, kwa sababu mafuta yake yanayeyushwa kwa makusudi. Joto la Desemba halina la kukunyang'anya. Sukari guru gramu 175, maji vijiko vitatu vya chakula, siagi gramu 100: weka motoni hadi guru liishe, chuja, maana guru letu lina vijiti na mchanga. Liache lipoe, uweze kuchovya kidole bila kukitoa mbio, ndipo utie yai, la sivyo utapata mayai ya kukaanga. Unga wa ngano gramu 350, tangawizi ya unga vijiko viwili vya chai, mdalasini kimoja, karafuu ya kusaga robo, baking soda nusu kijiko cha chai. Baking soda, ile ya pakiti, si magadi ya kuivishia maharage. Donge litaonekana laini mno, na mtu atashawishika kuongeza unga. Asiongeze. Lipumzike saa moja mahali pa ubaridi, litajikaza lenyewe. Unene uleule, nyuzi 175, dakika 10 hadi 12.

Za kutundikwa, toboa tundu kwa mrija wa soda kabla ya kuoka, sentimita 1 kutoka ukingoni. Likiziba ovenini, toboa tena papo hapo biskuti ingali moto. Dakika mbili baadaye itapasuka.

Sukari ya kupambia tutaipitia haraka. Ute wa yai moja, sukari ya unga iliyochekechwa gramu 200 hadi 225, matone machache ya ndimu. Ute huo ni mbichi, kwa hiyo biskuti za watoto wadogo na wajawazito zipambwe kwa unga wa ute uliokaushwa unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Paka tabaka jembamba, elekeza feni, na uipe saa 8 hadi 12. Rangi nyekundu ikipakwa jirani na nyeupe ambayo haijakauka, asubuhi utakuta imechuruzika. Tabaka moja likauke, ndipo la pili.

Kuhifadhi. Biskuti ipoe kabisa kabla ya kuingia koponi, maana ya vuguvugu hutoa mvuke na mvuke huo hauna pa kwenda. Kopo liwe la mfuniko unaobana. Chini weka kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, kama mama ntilie anavyotia mchele kwenye kikopo cha chumvi. Tangawizi na vileja visilale kopo moja, kwa kuwa sukari guru huvuta maji na kuyagawa kwa jirani. Zikitepeta, zirudishe ovenini nyuzi 150 dakika tano, zitafufuka. Na jambo moja tunalisema kwa msisitizo: biskuti ya kuliwa usiitundike mtini zaidi ya jioni moja. Itanywa hewa, halafu sisimizi watapanda. Kama ni lazima, ndoo ya mti isimame ndani ya beseni la maji, matawi yasiguse ukuta.

Tumefika kwenye mapambo.

Pambo linalofundishwa kila mahali ni la unga wa chumvi. Kwa kikombe cha mililita 250: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji robo tatu ya kikombe, ukiongeza kijiko kimoja kimoja. Kanda dakika 8 hadi 10, mpaka donge liwe nyororo kama ndewe ya sikio. Unga usiwe ule wa kujiumua wenyewe. Sukuma milimita 5 au 6, kata, toboa, andika nyuma jina na mwaka kwa kijiti cha meno. Oka nyuzi 100, saa mbili na nusu au tatu, ukigeuza kila nusu saa. Moto ukizidi nyuzi 120, maji yaliyo ndani yanachemka na kuinua malengelenge. Ukikausha upande mmoja tu, pambo linajipinda kama kigae.

Hadi hapo kila mtu anafaulu. Balaa linakuja baadaye. Angalieni hili, lipitisheni. Mmeliona lilivyong'aa? Hajalipaka mtu mafuta. Ni maji. Chumvi ya mezani huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 75, na sisi tumeshasema alfajiri yetu iko wapi. Nürnberg ndani ya nyumba hawakaribii hapo, kwa hiyo anayeandika maelekezo wala hajui kwamba kuna tatizo. Kwetu pambo linatoa jasho usiku, linakauka mchana, linatoa jasho tena, rangi inabanduka kama gamba, na masika ya Machi hadi Mei yakiingia linakuwa tope ndani ya kasha. Watu hudhani Krismasi ndiyo mtihani wa pambo. Mtihani wake ni masika.

Mwenye nia ya kulitumia hata hivyo, afanye mambo matatu. La kwanza, alikaushe kwa mizani: alipime, alirudishe ovenini saa moja, alipime tena. Uzito ukilingana limekauka. Ukipungua hata gramu moja, bado. Jua la saa tano hadi saa kumi husaidia kuanza, lakini halimalizi, na likiachwa nje mpaka magharibi linanywa upya. La pili, vanishi ya mafuta ya duka la rangi, mikono mitatu, mbele, nyuma, kingoni na ndani ya tundu, kila mkono ukikaa saa 24. Ianze kupakwa siku ileile, pambo likishapoa tu. Tundu ndilo mlango ambao wengi wanausahau. Gundi nyeupe ya shuleni si vanishi, ikipata unyevu inarudi kuwa maziwa. La tatu, asichomeke waya wala kibanio cha karatasi kama kulabu. Chumvi na chuma ni kutu, na doa la kahawia litachora mpaka mbele. Uzi wa katani unatosha na unapendeza.

Tukiulizwa sisi, kwa pwani tunapendekeza donge la soda. Baking soda vikombe viwili, konfulawa, yaani ule wanga mweupe wa kuzitia uzito supu, kikombe kimoja, maji baridi kikombe kimoja na robo. Nunua soda kopo kubwa, vipakiti vya duka la mtaani vitakutia hasara. Koroga vikiwa baridi hadi madonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto wa wastani. Dakika tatu za mwanzo hutaona kitu, utadhani umekosea. Halafu ghafla mwiko unaanza kuwa mzito, kwanza uji, kisha unasonga kama ugali laini unaoachana na sufuria. Epua hapo. Sekunde thelathini za zaidi na donge litapasuka likikauka. Lifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa mpaka lipoe, likande dakika mbili, lisukume milimita 4 juu ya konfulawa kidogo.

Ni jeupe kama chaki, linashika alama ndogo kuliko la chumvi, hata mistari ya kidole. Alama ya mtoto ichukuliwe ndani ya dakika kumi baada ya kusukuma: paka konfulawa kidoleni, bonyeza wima, inua wima. Ukivuta kando alama inakuwa ya mtoto mwenye haraka. Lianikwe juu ya waya wa kupozea keki, likipigwa feni, saa 24 hadi 48, ukigeuza asubuhi na jioni. Oveni hapana, au isivuke nyuzi 80, kwa sababu soda ikipata moto inavunjika na kutoa gesi, na uso unajaa vitundu kama chapati ya maji. Likishakauka piga msasa laini kingoni, paka rangi, vanishi mikono miwili.

Ukiweza, kazi ya mapambo ifanye Julai na Agosti, kipupwe, kusi inapovuma na mvua zimekwenda zake. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani hicho ndicho kiangazi chao, nao wapo wanaotengeneza mapambo wakati huo ili Desemba wasibanane. Sisi tuna sababu nzito zaidi: ndiyo miezi ambayo hewa yetu inakauka kiasi cha kutuhurumia. Desemba iachieni biskuti.

Uzito nao uangaliwe. Wengi hapa mti wetu ni tawi la mvinje, na vijitawi vyake ni kama nyuzi. Pambo la gramu 15 linakaa, la gramu 40 linalala sakafuni.

Na usalama. Pambo la chumvi likikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi. Kipande cha gramu 30 kina kama gramu 16, ilhali Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Mtoto anayetambaa na mbwa wa nyumbani hawajui tofauti ya pambo na biskuti, hasa mkivitundika kwa umbo lilelile la nyota. Mapambo yapande juu, matawi ya chini yabaki na vitambaa.

Januari, kila pambo lizungushiwe kipande cha kanga kuukuu. Gazeti hapana, wino unahamia. Lilale kwenye kopo la mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Katikati ya Mei fungua uangalie. Lililoanza kung'aa litoe, likaushe nyuzi 80 nusu saa, lipoe, liongeze vanishi.

Trei zimepangwa mezani, karibuni mshike, mvunje, muulize maswali. Za kulia ni vileja na tangawizi, chai inakuja. Za kushoto, tunawaomba sana, msionje.